Matone ya Kwanza

Muuguzi alipofuta mkono wangu kwa alkoli kabla ya sindano, harufu ile ilinirudisha jikoni kwetu kando ya ziwa, ambako mama alipika lutuku, pombe kali ya mahindi. Matone ya kwanza aliyakinga katika kikopo na kuyamwaga, kwani alijua ni sumu. Jioni moja alichelewa kuyamwaga, na papa, baba yangu, akayanywa.

Kesho yake, saa sita mchana, papa aliingia na mchi mkononi.

“Nani alifunga dirisha? Njo weye, mwanamuke!”

Dirisha lilikuwa wazi na jua lilimpiga usoni. Hapo nikaelewa kwamba haoni. Pigo la kwanza lilimpasua mama sikio. La pili likavunja mtungi. Mama alisimama hatua mbili mbele yake, amejiziba mdomo, damu ikimtiririka shingoni.

“Mutoto, mama yako iko wapi?”

Mama alinitazama, akatikisa kichwa.

“Alienda kwenye ziwa, Papa.”

Mchi ukaifuata sauti yangu.

Muuguzi alishika kiwiko changu kilichopinda, akaniuliza: “Huu mukono ulivunjika namna gani, Mama?”

“Nilianguka.”