Anayesubiri Nje ya Choo

Swala ya alfajiri imekwisha. Mulki amesimama nje ya choo cha mabati huko Bulla Pesa, mjini Isiolo, akimsubiri bibi kizee anayeitwa Tari.

"Akko, umemaliza?" anauliza, akimwita nyanya kwa Kiborana.

"Ngoja! Mkojo unaitwa kama mbuzi?" sauti inajibu kutoka ndani. "Hata marehemu mzee wangu hakunilinda hivi."

Mulki anacheka, lakini hasogei.

Yeye ni mhudumu wa afya ya jamii. Ana nyumba mia moja mikononi mwake, na posho yake huishia kwenye unga na sukari. Wenye kisukari na presha huwapima mkojo, aone kama una protini.

"Figo ni kichungi cha chai," huwaeleza. "Kikitoboka, majani yanaingia kikombeni. Figo nayo ikitoboka, protini ya damu inamwagika chooni, na wewe husikii uchungu wowote."

Vijana wa mtaa wameanza kumwita askari wa choo. Kabla ya wiki hii hakusimama hivi. Aliacha kichupa jioni, na asubuhi watu wa nyumba wakamletea mlangoni. Mwaka jana kichupa cha Tari, mgonjwa wa kisukari, kilitoka safi mara mbili. Mulki akamwambia figo zake ni nzima, ashukuru Mungu.

Kumbe mkojo ule ulikuwa wa Kabale, mke wa mwanawe.

"Ningempaje mke wa mwanangu mkojo wangu aubebe?" Tari anasema sasa, akitoka kwa kujishikilia ukutani. Miguu yake imevimba hadi ngozi inang'aa. "Ni aibu hiyo! Nikamwambia, jaza wako, mkojo ni mkojo."

"Nilikataa," anasema Kabale, aliyesimama kando ya Mulki, kichwa chini. "Lakini mama mkwe akishasema, wewe utasema nini?"

Ni huu uvimbe uliomtoa Kabale mbio wiki hii, akamtafute Mulki na kumwambia ukweli.

Mulki anakipokea kichupa kutoka kwa Tari na kukizungushia kiganja. Kina joto. Juu kuna povu zito. Anachovya ukanda wa kupimia, anangoja, kisha anaulinganisha na rangi zilizo kwenye mkebe. Umanjano umekwenda, umekuwa kijani kilichokolea.

"Sema, msichana."

"Si vizuri, Akko. Protini inamwagika kwa wingi. Twende hospitali leo hii. Wapime damu, tujue figo zimebakisha nguvu kiasi gani."

"Na zilizokwisha?"

"Hazirudi."

Tari anajikongoja hadi mlangoni. Kisha anaomba buibui lake. Kabale anachukua kichupa cha mkojo akibebe hadi hospitali, bila kuambiwa. Mama mkwe anageuza uso pembeni, hamkatazi.

Wakingoja bodaboda, Mulki anamwambia Kabale kwa sauti ya chini: "Zilizoharibika sina la kuzifanyia. Naomba tu damu ionyeshe kuna kidogo kilichobaki, maana hicho kinalindwa kwa dawa. Kikiwepo, nitakuja hapa kila alfajiri nihakikishe amezimeza, hata anitukane mpaka achoke."