Kigoda cha kwa Sonara

Juzi nilirudi kutoka mjini nikiwa na hasira, na mpaka sasa haijaisha, kwa hiyo nivumilie. Binti yangu anaolewa mwezi ujao. Nilimpeleka kwenye duka la vito tuchague almasi mbili ndogo, zipachikwe kwenye hereni mpya zitakazotokana na zile zangu za utotoni. Kijana wa pale akamwaga mawe kwenye kitambaa cheusi, juu yake taa kali kama za uwanja wa mpira wa Kirumba. Kila jiwe likawaka. Nikaomba nitoke na moja mlangoni nilitazame juani. Mlinzi akaziba njia, binti yangu akaangalia viatu vyake.

Hereni zile alinitengenezeshea bibi nikiwa darasa la pili, kutokana na bangili iliyokatika ya mama yake. Tulitoka Kisesa asubuhi kwenda mjini, bangili imefungwa kwenye pindo la khanga, michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, ya kutafuna njiani imo kwenye mkoba. Sonara wetu alikuwa mzee wa Kihindi, mzaliwa wa Mwanza, anayeongea Kisukuma kumshinda baba yangu. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akanisogezea kigoda. Nikadhani ni kwa dakika tano.

Tulikaa mpaka alasiri! Sonara alimwambia bibi, "Mama, nenda sokoni, ukirudi utakuta tayari." Bibi akajibu kwamba soko halihami. Mzee yule hakuudhika, maana wateja wake wote walikuwa hivyo hivyo. Vijiwe vyekundu vya kupachika alivipeleka mlangoni yeye mwenyewe, bibi achague kwa mwanga wa jua. Kisha akapuliza moto kwa mrija, mashavu yamevimba, bangili ikalegea ikawa tone. Harufu ya tindikali ilinikaa kooni, ikachanganyika na bizari iliyokuwa inakaangwa ghorofani. Michembe ikaisha, miguu ikafa ganzi. Nikalia nataka kwenda kuona ziwa, bibi akanifinya.

"Chako kikiwa motoni, usitazame pembeni," akasema.

Siku ile nilimchukia, nakwambia kweli.

Sasa sikiliza ya juzi. Kijana akapima hereni zangu, akazitia kwenye bahasha, akasema zinatumwa Dar zikayeyushwe huko, nami nitapigiwa simu. Nikamwuliza nitajuaje kwamba dhahabu itakayorudi ni hii hii.

"Mama, dhahabu ni dhahabu tu. Gramu zako zitarudi zote."

Gramu! Nikamwambia aniletee kigoda, ayeyushe hapo hapo nikiona. Akacheka, akidhani natania. Binti akaninong'oneza, "Mama, twende, unaniaibisha." Nikachukua bahasha yangu, nikatoka.

Nikaenda mpaka mtaa ule wa zamani, binti ananifuata nyuma akinuna. Pale kwa sonara wanauza makava ya simu. Ngazi ya kupandia ghorofani bado ipo, ila bizari hainukii. Nilipouliza mzee yule au wanawe walielekea wapi, muuzaji akaniuliza nataka kava la simu gani.

Binti anasema basi, atavaa hereni za kununua. Za bibi nimezifunga kwenye pindo la khanga yangu, zimo humu ninapoongea na wewe. Kukaa naweza, hata kutwa nzima, nilifundishwa vizuri. Nimekosa tu mtu wa kukaa mbele yake.