Chuma Apewa Idii

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika kwenye josho la Mpui kabla jua halijachomoza, nimevaa koti la marehemu baba lililonishuka hadi magotini. Bwana Mifugo wa tarafa alinitazama toka juu mpaka chini.

"Wewe ndiye wa darasa la nne?"

"Ndiyo mimi, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Ng'ombe hawaulizi mtu darasa lake. Kamata ndoo."

Ninyi vijana mnaosoma haya huenda josho hamjaliona likifanya kazi. Ni mtaro wa saruji, mrefu na wenye kina, uliojaa maji yaliyotiwa dawa ya kuua kupe. Kabla ya mtaro kuna kibanio, yaani njia nyembamba ya magogo inayowalazimisha ng'ombe kupita mmoja mmoja. Ng'ombe akifika mwisho wa kibanio hutumbukia, huogelea, hutokea upande wa pili akijikung'uta. Kupe wakifa, ndigana, homa wanayoieneza, inapungua na ndama wanakua. Mimi kazi hiyo niliishika upesi kuliko wote niliokuta pale, na sijisifu bure, waulizeni wanaonijua. Mvua za kwanza hazijaisha, Bwana Mifugo alikuwa ananiachia josho zima, yeye anakwenda zake vijijini.

Baadaye nikahamishiwa Mtowisa, kule bondeni, kwenye joto na barabara za kuvunja mgongo. Nilikaa bila kulalamika. Niliporudishwa juu Ufipa, katika kijiji kimoja cha ujamaa, nilirudi na mtoto wa mbwa niliyepewa na wafugaji wa bondeni. Nikamwita Chuma.

Nimeona wafanyakazi wengi, wenye vyeti na wasio na vyeti, lakini kama Chuma sijaona. Siku ya kuogesha alisimama nyuma ya kundi, habweki ovyo, hang'ati. Ng'ombe akigoma kuingia kibanioni, Chuma alimsogelea kisiginoni, akamtazama tu. Ng'ombe aliingia mwenyewe. Usiku alilala mlangoni mwa zizi la kijiji. Mkutano wa kijiji wenyewe ndio uliokata shauri kwamba Chuma apewe fungu lake kutoka ghalani, pumba na dagaa, kama mfanyakazi yeyote. Mbwa wangu akawa na fungu! Nilitembea kifua mbele kijiji kizima.

Alipofikia utu uzima, tabia ilianza kugeuka. Kwanza maji. Alikuwa akimaliza karai, anasimama kungoja jingine. Kisha akaanza kukojoa ndani ya ghala, yeye aliyekuwa msafi kunishinda mimi. Njaa ikamwingia isiyo na mwisho. Alihema mdomo wazi hata asubuhi za baridi ya Juni, alizungukazunguka bila kutulia, na ukimgusa akiwa usingizini alikuungurumia. Tumbo lilishuka kama gunia, manyoya yakapukutika mbavuni, kulia na kushoto sawasawa. Nikimwita alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka jina lako.

Kilichoharibu mambo kabisa ni maharage ya Mama Restituta, mpishi wa siku za kazi ya pamoja. Watu walirudi kutoka shamba la kijiji wakakuta sufuria limelambwa. Mwenyekiti wa kijiji akaitisha mkutano wa kukata shauri: Chuma afutiwe fungu, na mgambo mwenye bunduki ammalize.

Mimi sikukaa kulia. Niliparamia lori la mfanyabiashara mmoja wa Sumbawanga, nikaenda moja kwa moja kwa Daktari wa Mifugo wa wilaya. Alikuwa mtu wa Mbeya, mrefu, mpole, msomi kwelikweli, na alinisikiliza mimi wa darasa la nne mpaka nikamaliza. Siku ya mkutano alikuja na Landrova yake.

Mama Restituta alimpokea hivi: "Daktari, umekuja na gari la serikali kumtazama mwizi wangu?"

"Nimekuja kumtazama mgonjwa, mama. Kama ni mwizi, tutajua baadaye."

Alimpima taratibu. Aliivuta ngozi ya tumboni, ikawa nyembamba kama karatasi ya sigara. Aliupima mkojo, akasema sukari hakuna, kwa hiyo si kisukari. Kisha akanieleza kwa Kiswahili kisichonipita: juu ya kila figo kuna tezi ndogo, nayo humwaga kwenye damu kitu kinachousaidia mwili kutumia chakula na kustahimili shida. Za Chuma zinamwaga kupita kiasi, ndiyo maana kiu, njaa na kuhangaika. Mara nyingi kosa hutoka kwenye tezi nyingine iliyo chini ya ubongo, inayozituma hizo. Ugonjwa unaitwa Kushingi.

"Uhakika kamili ni wa maabara, na hapa hatuna," alisema. "Lakini dalili zote zinakwenda huko. Dawa yake sina. Ana muda bado, kama atapata wa kumvumilia."

Mkutanoni aliomba kusema. "Mwenyekiti, mwanakijiji akiugua anafutiwa fungu lake?"

"Hafutiwi. Akipewa idii zahanati, anapumzika na fungu linabaki."

Idii ni ile ruhusa ya mgonjwa kutofanya kazi.

"Basi zahanati ya wanyama wa wilaya hii ni mimi. Chuma nimempa idii."

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mama Restituta hakucheka. "Mgonjwa mwenye idii hukaa kwake! Haji kutia mdomo kwenye sufuria langu!"

"Hapo mama kasema," akasema Mwenyekiti. "Nani atamweka kwake?"

Nikasimama. "Mimi. Akiiba tena, mgambo asiniulize."

Kumbe kusimama ndiko kulikuwa rahisi. Daktari alinivuta pembeni, akanionya kwamba kila mtu angenishauri nimnyime maji ili asikojoe. "Ukimnyima maji, unamwua wewe badala ya mgambo." Basi karai halikukauka. Nilimtoa nje mara kwa mara, na akikojoa ndani nilifuta, sikupiga, maana hakufanya kusudi. Chakula kilekile cha siku nilikigawa kidogo kidogo, akila peke yake, mtu asimkaribie. Kumwamsha, nilimwita kwa mbali kwanza. Mgongoni nilimshonea gunia kwa ajili ya baridi. Siku ya kuogesha nilimfunga kamba karibu na kibanio, alale juani. Ng'ombe walipomwona tu, waliingia. Daktari aliposikia hilo alisema, "Huyo kazi nyepesi anaiweza," akanipa mkono mbele ya watu.

Wiki chache baadaye Mama Restituta alikuja joshoni.

"Amekuja tena jikoni kwako?" niliuliza.

"Alikata kamba, akaja jikoni. Nimempa ukoko, nikamrudisha. Na sasa naweka jiwe juu ya kifuniko."

"Asante, mama."

"Usinishukuru. Nimechoka kumtazama mgambo akifuta bunduki karibu na chakula changu."

Chuma aliishi mpaka masika mengine yakaja na kupita. Alikufa mchana wa kuogesha, juani, ng'ombe wakipita. Mwenyekiti yuleyule alisimama mkutanoni, hakuna aliyemwomba, akasema fungu la Chuma lifungwe kwa sababu mwenye nalo amefia kazini. Mtu hakucheka.

Sasa nimestaafu, nina nyumba yangu ya bati hapa Kizwite, Sumbawanga, niliyoijenga kwa jasho langu. Nimefanya kazi chini ya wakubwa wengi, na juu yao wote namweka yule Daktari, aliyekuwa na elimu ya kunikalia kichwani akaitumia kukaa upande wangu. Juzi kijana wa jirani alikuja kuniomba sumu.

"Shikamoo mzee. Mbwa wetu kaharibika tabia. Anaiba, anakojoa ndani, anatuungurumia."

"Marahaba. Maji anakunywaje siku hizi?"



"Mengi, mzee. Mengi mno. Umejuaje?"

Nikavaa viatu, tukaenda kumtazama.