Yeyo Aliyeleta Habari za Veronika

Mimi si mtu wa kuona mizimu. Wanaoiona hapa Karatu nawajua, na wengi wao huwa wametoka kilabuni. Kwa hiyo nikikuambia nilimwona yule mama wa kwenye ukungu kwa macho yangu haya, mchana, akili timamu na njaa juu, usinicheke. Subiri ucheke mwishoni, kama utaweza.

Nilikuwa na mdogo wangu Paskali, dereva wa pikapu ya milango minne na, kwa maoni yake mwenyewe, bingwa wa simu. Umewahi kuishi na mtu wa aina hiyo? Anafungua WhatsApp, anasoma, halafu anaifuta kwa kidole kama anafuta kamasi. Hairuhusu ifanye kazi chinichini hata kidogo. "Hizi app zinakula chaji," ndiyo mahubiri yake. Ni kweli madereva wanaopita Ngorongoro kwenda kwa wafugaji hufagia app zote kwenye simu pale getini, kwa sababu huko mbele mtandao ni wa kubahatisha na umeme ni wa jua. Lakini wenzake wakifika penye mtandao wanafungua. Paskali alishafagia mpaka ubongo.

Mkewe, wifi yangu Veronika, tulimwacha kijijini Daa, mimba imeingia mwezi wake. Zilizotangulia zote zilitoka, kwa hiyo hii ilikuwa inalindwa kama yai. Siku tunaondoka kwenda Enguserosambu, Paskali kufuata mbuzi na mimi kuuza maharage, Veronika alimshika mkono mbele yangu.

"Paskali, bando la intaneti ninalo, vocha ya kupiga sina. Nikiona dalili nitakutumia sauti. Naomba hiyo WhatsApp usiifunge."

"Sawa, mama, ondoa wasiwasi," akasema. Tulipofika getini akafagia. Nilipomsema akanijibu, "Dada, ujumbe hauozi." Mimi na kitochi changu kisichojua hata intaneti ni nini, ningemfanya nini?

Siku ya kurudi tulifika ukingo wa kreta alasiri, ukungu umeshuka, taa za gari zinaangaza pua ya gari tu. Akatokea mama wa Kimasai, mzee, amesimama katikati ya barabara na shuka lililolowa chapachapa. Paskali akafunga breki.

"Takwenya, yeyo," nikamsalimia kwa Kimasai, nikimwita mama.

"Iko," akaitikia. Akafungua mlango, akakaa kiti cha nyuma. "Nina habari."

Sasa nisikilize. Kwa Wamasai, mkikutana njiani habari hutolewa kwanza, zote, tangu alikotoka mtu, na wewe unaitikia "ee" mpaka ziishe. Wanaziita ilomon. Kumkatiza mtu hapo ni utovu wa adabu, na Paskali, anayenunua mbuzi kwao kila msimu, anajua vizuri kuliko mimi. Unajua alimjibu nini, huku akiondoa gari?

"Yeyo, utatuambia tukifika Karatu. Saa hizi naendesha."

Mama akainama mbele kati ya viti vyetu. Kisha akasema, "Paskali, tumbo limeanza."

Niamini, ile ilikuwa sauti ya Veronika. Sisemi ilifanana naye. Ilikuwa yake, na lafudhi yake ya Kiiraqw na ile pumzi yake inayokatika akipanda mlima.

"Paskali, chupa imepasuka. Fungua simu basi." Kisha: "Paskali, jirani hayupo, pikipiki hakuna. Naanza kutembea." Halafu kwa sauti ileile, lakini imepoa kama uji wa jana: "Haya, Paskali. Chaji imebaki ngapi?"

Paskali alisimamisha gari, akanigeukia mimi. Mimi! "Dada, acha kuigiza sauti za watu." Kisha akageuka nyuma na kufoka, "Shuka, mchawi wewe!" Kiti kilikuwa kitupu. Mlango haukufunguliwa, na mahali alipokaa na shuka lile lililolowa palikuwa pakavu.

Mtu mwenye akili angefungua simu. Bingwa wetu alifumba macho akaanza kukemea mapepo, na alikemea kwa muda mrefu, kwaya tu ndiyo ilikosekana. Nilimnyang'anya simu, na kwa kuwa pale ukingoni mtandao ulikuwepo, nikafungua WhatsApp mwenyewe. Jumbe za sauti zikaporomoka: tumbo limeanza, chupa imepasuka, naanza kutembea. Maneno yaleyale, kwa mpangilio uleule. Zilikuwa zimetumwa tangu asubuhi. Ule wa chaji haukuwemo.

Tulimtafuta Veronika mpaka tukamkuta kituo cha afya. Alijifungulia njiani, pembeni ya shamba la mahindi, na akina mama waliokuwa wakipalilia ndio waliomfunika kwa kanga zao. Mtoto wa kike. Hakulia.

Paskali aliingia wodini na simu mkononi, nadhani hakujua bado ameishika. Veronika hakumtazama usoni. Aliitazama ile simu.

"Haya, Paskali," akasema. "Chaji imebaki ngapi?"

Ilikuwa karibu kujaa. Nilimchukia mdogo wangu siku ile, na sijamaliza kumchukia.

Siku hizi hafungi kitu. WhatsApp iko wazi usiku na mchana, magrupu ya mbuzi na ya kwaya yanapiga kelele mpaka mezani, na kila ikilia anaruka kuitazama. Veronika yumo nyumba ileile, lakini hajamwandikia tena hata neno moja. Akitaka chumvi anamtuma mtu akamwambie. Na siku za ukungu, Paskali akipita ukingoni, kiti cha nyuma kinakutwa kimelowa. Nimekigusa mwenyewe.

Na wewe unayejisifu kwamba simu yako inakaa na chaji siku nzima, hiyo chaji unamtunzia nani? Ukikutana na mama kwenye ukungu akasema ana habari, zima gari, itikia "ee" mpaka amalize.

Nilisema ucheke mwishoni. Haya, cheka. Ila kwanza fungua simu yako.