Sikukataa, Nimekatazwa

Nakumbuka Jumapili moja kule Garland, mwanangu. Joto lilikuwa la kuivisha mchele juu ya boneti ya gari, nami nilikuwa msichana mwenye pua ndefu kuliko barabara ya kwenda Houston. Mchana nilipakia maboksi ghalani, jioni nilikaa darasani katika shule ya usiku, na kila kitu nilitaka kukijua. Mwalimu wangu aliniambia nimeuliza maswali mengi kuliko wanafunzi wake wote tangu Texas iwe Texas. Nilimshukuru. Nilidhani ni sifa.

Kanisa letu la Wakongo lilikuwa likiazima ukumbi wa Wamarekani fulani, Waprotestanti ambao tangu enzi za babu zao hawaendi vitani. Siku hiyo, ibada ilipokwisha, mchungaji wao Pasta Dale aliingia na Bahati, mwana wa Mama Furaha. Bahati tulimjua sote. Alikulia katika kwaya yetu, akamaliza shule, akajiunga na jeshi la Marekani, na mama yake akatundika ukutani picha yake ya magwanda, kubwa kuliko dirisha. Sasa alikuwa ameomba aachiwe, hataki tena kushika bunduki, na wakubwa wake wangemhoji Alhamisi. Kanisa la Pasta Dale lilikuwa limemtafutia wakili. Lakini kulikuwa na kitu wasichoweza kumpa: mtu mzima aliyemjua tangu utoto, aende akaseme kwamba maneno ya kijana huyu yanatoka moyoni. Asipopatikana, kapteni angeweza kuona ni uvivu tu, na Bahati angerudishwa kwenye bunduki. Akiikataa huko, gereza.

Mkalimani alikuwa Sista Wanjiru, nesi Mkenya aliyesali nasi kwa sababu, alivyosema mwenyewe, nyimbo zetu ni ndefu na zinampa nafasi ya kupumzika. Pasta Dale alitamka lile jina refu la Kiingereza wanaloitwa watu kama Bahati. Sista Wanjiru akakuna kichwa, kisha akatafsiri kwa ujasiri wote:

"Ndugu zangu, Bahati ni mtoro wa jeshi."

Mwanangu, aliyekuwa akimimina juisi aliiacha ikafurika mezani. Mama Furaha alijifunika uso kwa kitenge. Sisi tuliotoka Fizi, mashariki mwa Kongo, tunamjua mtoro wa jeshi. Ni yule anayetoka porini na bunduki, ana njaa, na hana mkubwa wa kumwambia basi.

Papa Melki, mzee wetu wa kanisa, alisimama. "Mtoro? Na bunduki yake iko wapi?"

"Sina, Papa," Bahati alijibu.

"Watoro walilala kwangu, weye ukiwa bado mgongoni mwa mama yako. Asubuhi sikuwa na mbuzi. Sikuwa na mwanangu Elia. Mimi mtoro simsemei." Akachukua kofia yake.

Sista Wanjiru alishika mdomo. "Ngai! Wazee wangu, poleni sana. Kwetu mtoro ni mtoto amehepa shule!"

Mtu mmoja alicheka kwa pua, na kicheko hicho kikatuokoa. Watu wakaanza kutafuta neno lingine.

"Tuseme mgomaji."

"Hapana, huyo anataka mshahara."

"Mkaidi?"

"Mkaidi ni mume wangu, mwacheni."

"Mwoga basi."

"Mwoga! Amelelewa na Mama Furaha, ataogopa nini tena duniani?"

Papa Melki alikuwa keshafika mlangoni. Pua yangu ikashindwa kuvumilia. Nikapaza sauti: "Lakini Bahati, kwa nini umekataa?"

"Mimi sikukataa, yaya," alinijibu, yaani dada mkubwa kwa Kiswahili cha kwetu. "Nimekatazwa."

"Na nani?"

Alitazama viatu vyake. "Kule mazoezini wanatuwekea vibao vyenye umbo la mtu. Ukikilenga vizuri kinaanguka. Halafu kinainuka chenyewe, ukipige tena. Mimi ni hodari, yaya, wananipigia makofi. Siku moja kikaanguka, kikainuka, na nikajikuta nauliza: mbona wale waliopigwa risasi kule kwetu hawakuinuka? Tangu hapo kidole hakinitii."

Papa Melki alirudi. Akakaa kiti cha nyuma kabisa, kofia magotini. "Basi ni zamiri yake," alisema polepole. "Zamiri yake imemkataza."

"Dhamiri!" Sista Wanjiru akaruka. "Ndiyo hiyo, Papa! Anayekatazwa na dhamiri! Pasta Dale, tumelipata!" Pasta Dale, asiyeelewa hata silabi moja, alipiga makofi kuliko wote.

Hapo ningefunga mdomo. Sikufunga. "Na wabaya wakimjia mama yako, Bahati, utafanyaje?"

Kabla kijana hajajibu, Papa Melki akanigeukia. "Binti, hilo ataulizwa Alhamisi na wenye kazi yao. Weye unauliza ili ujue, au unauliza ili umshinde?" Akamwita Bahati karibu. "Umekula?"

Alhamisi niliwaendesha mimi, Bahati, Papa Melki na Sista Wanjiru, nikajipenyeza hadi ndani ya chumba. Kapteni alikuwa mtu wa adabu. Aliuliza swali lile lile langu, na safari hii Bahati alijibu. "Sijui, bwana. Ninachojua, sitaki kuwa yule ambaye mama wa mtu mwingine anamkimbia."

Kisha kapteni akamuuliza Papa Melki anajuaje kwamba kijana huyu hadanganyi. Papa alijibu kwa Kiswahili, na Sista Wanjiru akatafsiri neno kwa neno kama anayepima dawa:

"Watoro niliowajua walikimbia na bunduki. Huyu anaikimbia bunduki."

Kapteni aliyaandika maneno hayo, akayapigia mstari.

Majibu yalichelewa hadi nikaamini yanakuja kwa miguu kutoka Washington. Lakini yalikuja: Bahati ameachiwa. Leo yuko Stafford, karibu na Houston, anatunza wazee, na Jumamosi hukaa na vijana wa makanisa ya Houston waliogombana, anawasikiliza mpaka wachoke kukasirika. Mama Furaha hakuiondoa ile picha ya magwanda. Alitundika nyingine pembeni, Bahati akimlisha mzee uji.

Nakuandikia haya, mwanangu, kwa sababu umeniambia wenye jeshi wameweka meza ya kuandikisha vijana shuleni kwenu Cedar Hill, na unaniuliza uende au usiende. Sitakuamulia. Wapo waliokwenda ninaowaheshimu. Ila kabla ya kutia sahihi, kaa kimya usikie kama ndani yako kuna kinachokukataza. Kikikukataza, usikionee haya, njoo kanisani tukutafutie mtu wa kukusemea. Na siku atakapokuja mwenzako aliyekatazwa, usimbandike jina kabla hujamsikia. Muulize ili ujue. Kisha muulize kama amekula.

Mungu akupe sikio kubwa kuliko pua yangu, akupe mzee wa kurudi kutoka mlangoni kwa ajili yako, na kila utakayemwinua kwa mkono wako, asianguke tena. Amina.