Watoto wa Nyanya Walioandikwa Sufuri

Nilipofika Shard End, mtaa mmoja hapa Uingereza, kumwandalia chai mzee Mwingereza ninayemtunza, redio ilikuwa imewashwa. Wasomi wawili walikuwa wakibishana kuhusu idadi ya waliokufa kwenye kambi za Waingereza wakati wa vita vya Mau Mau. Mmoja alisema idadi hiyo imetiwa chumvi. Mzee akaguna kwamba hayo ni mambo ya zamani, akaniomba sukari.

Nilimpa sukari, lakini nikabaki nikiiwaza idadi ile. Kwetu Wakikuyu, mama hahesabu watoto wake. Kuwahesabu ni kuwaitia kifo waliobaki. Nikiwa mdogo, mtafiti alikuja nyumbani na daftari, akamuuliza nyanya yangu ni watoto wake wangapi waliofia kambini. Nyanya alitazama chini, asijibu. Mtafiti akaandika sufuri, akashukuru, akaenda.

Jioni hiyo, akimenya viazi, nyanya aliwataja mmoja mmoja kwa majina.

Sasa nyanya hayupo, na wanangu hunijibu kwa Kiingereza. Kwa hiyo nikingoja basi la kurudi nyumbani huwataja mimi watoto wa nyanya, kwa sauti ya chini, na watu husogea kando. Nawajua wote. Walikuwa wangapi, sijawahi kuhesabu.