Hesabu za Kisigino

Wiki iliyopita jirani yangu hapa mtaa wa Soweto, mjini Moshi, aliniomba nimfundishe binti yake kuhesabu. Binti haongei, na mikono yake haimtii. "Wewe una digrii mbili, bwana," jirani alisema, kana kwamba digrii zangu zimewahi kumsaidia mtu. Nikaketi mbele ya mtoto, nikainua vidole vitatu. "Hivi ni vingapi?" Papo hapo nikajisikia nina miaka kumi na miwili, nikimfokea mdogo wangu wa kike jikoni kwa bibi. Nikashusha vidole, nikaomba maji ya kunywa.

Kwa bibi kulikuwa juu ya Kiboriloni, kwenye kihamba, shamba la ukoo lenye migomba iliyosongamana hata saa sita mchana ikafanana na jioni. Jikoni kulinukia moshi na mtori wa ndizi, na nyuma ya nyumba mfereji ulipita ukinung'unika kama mzee aliyenyimwa nyama. Mdogo wangu alishinda humo jikoni, kwenye kiti cha mbao alichotengenezewa na jirani, fundi seremala. Hakutembea, hakusema, hakuweza kushika kijiko. Mwaka ule mama alisikia kwamba shule moja mjini ina darasa la watoto kama yeye, na imebaki nafasi moja. Mwalimu angekuja nyumbani kumpima. Asiyejua kuhesabu hachukuliwi. Kazi ya kumfundisha nikapewa mimi, ambaye daftari langu la hesabu lilikuwa na wino mwekundu mwingi kuliko wa bluu.

Nilianza na punje za mahindi. Nazipanga kwenye ungo, nauliza, mkono wake unaruka, punje zinamwagika, kuku wanakuja mbio. "Mwalimu," fundi alinitania kila alipopita, "naona kuku watafaulu kabla ya mwanafunzi." Niliwakasirikia fundi, kuku, mtoto, na hata namba tatu yenyewe. Siku moja nilimwambia mdogo wangu kwamba ni mjinga. Alinitazama tu. Sijawahi kutazamwa vile na profesa yeyote.

Aliyefumbua fumbo ni bibi, bila kukusudia. Alikuwa akimenya ndizi na kuzitumbukiza kwenye sufuria ya maji, chubwi, chubwi, na kwa kila ndizi mdogo wangu akagonga ubao wa kiti kwa kisigino.

"Huyu naye anatwanga nini?" bibi akauliza.

Tangu siku hiyo nikaachana na mahindi. Wiki nyingi zilipita, na ndizi nyingi zilichafuka, ndipo nikamwonyesha nne, akagonga mara nne, akaacha. Kugonga si kazi. Kazi ni kujua pa kuacha. Nilizunguka kihamba kizima nikipiga kelele.

Mwalimu alifika asubuhi, viatu vimejaa tope.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu mtori."

Tulimwonyesha ndizi mbili, nne, tatu. Mdogo wangu hakukosa hata moja. Mwalimu akatikisa kichwa. "Hizi mmemkaririsha." Akainama mbele ya kiti. "Haya binti, niambie. Hapa nyumbani mnaishi wangapi?"

Tulikuwa sita. Hesabu hiyo sikuwa nimemfundisha, kwa sababu kwa bibi watu hawakuhesabiwa. Mbuzi sawa, mikungu sawa. Mtu unamwita jina lake. Anayehesabu watu wa nyumba, alisema bibi, anakionyesha kifo njia. Na hakukosa kanisani hata Jumapili moja.

Mdogo wangu alimtazama bibi, akagonga. Akamtazama mama, akagonga. Shangazi. Kaka. Mimi. Kisigino kikainuka.

"Mae! Watu hawahesabiwi!" Bibi aliruka, akaushika ule mguu kwa mikono yake miwili yenye utomvu wa ndizi.

"Watano," mwalimu akasema, akiandika. "Na nyie mko sita, sivyo?"

"Bibi amemshika mguu!"

"Nyamaza! Mwalimu hajibiwi hivyo," mama akanikemea, lakini macho yake yalikuwa kwa bibi.

"Mwakani tutajaribu tena," mwalimu akasema, akafunga daftari.

Mwaka huo ulipofika hakukuwa na la kujaribu. Niliweka ndizi, nikaweka sufuria, nikabembeleza, nikafoka. Mdogo wangu alimtazama bibi kwanza, na mguu ukabaki ulipo. Hakugonga tena. Homa ilimchukua kabla hajavunja ungo, na bibi akamfuata miaka michache baadaye. Migomba ilikatwa, pale jikoni pamesimama vyumba vya kupangisha.

Nimejaribu kumsamehe bibi kwa nadharia zote nilizosomea. Najua alikuwa akitulinda. Najua pia kwamba yule mtoto alitokwa jasho miezi mingi ili ajibu swali moja, na sisi tuliompenda ndio tuliomkatiza. Nafasi ya shule naweza kuisahau. Kisichonitoka ni kile kisigino hewani. Watano alikwisha kututaja. Sijui, na hakuna aliyebaki wa kuniambia, kama alikuwa ameishia kwetu na mguu ukaruka tu, au alikuwa amefika kwake mwenyewe, wa sita.